Mteremko Kwanza, Mashine Baadaye

Kila inapofika Aprili, nyasi za Georgia, Tennessee na North Carolina huamka kwa pamoja, na maduka makubwa ya vifaa vya nyumba hupanga mashine za kukatia nyasi nje ya milango yao, rangi zinang'aa na bei zinaning'inia kwenye viti. Siku hizi mbele ya mashine hizo husimama ndugu zetu wengi waliotoka Afrika Mashariki. Miaka ya kupanga fleti imekwisha, nyumba imepatikana nje ya mji, ina uwanja wa nusu ekari au ekari nzima, na chama cha wenye nyumba kimeshatuma barua kukumbusha kwamba nyasi zikirefuka kupita kiasi kuna faini. Katika safu ile yote, inayovuta macho zaidi ni zirotani: mashine ya kukalia isiyo na usukani wa duara, yenye mikono miwili ya kuongozea, inayogeuka papo hapo iliposimama.

Muuzaji atakuuliza uwanja wako una ekari ngapi na umejiandaa na dola ngapi. Atakueleza nguvu ya injini na upana wa visu. Naandika haya kwa sababu swali linalopaswa kutangulia yote hayo mara nyingi haliulizwi dukani: je, ardhi yako imelala au imeinama? Asiyekuwa na jibu la swali hilo hajawa tayari kununua zirotani, hata kama fedha zote anazo mkononi.

Siri ya mashine hii iko nyuma. Kila gurudumu la nyuma lina pampu na mota yake inayosukumwa na mafuta, na kila moja linatii mkono wake. Sukuma mikono yote miwili mbele, mashine inakwenda mbele. Sukuma wa kulia huku ukivuta wa kushoto, mashine inazunguka palepale. Magurudumu mawili madogo ya mbele hayaongozi chochote. Yanabeba uzito tu na kugeukia yanakosukumwa, kama yale ya kigari cha supamaketi. Na ukitaka kupunguza mwendo, hukanyagi breki, bali unarudisha mikono katikati. Kwa hiyo uelekeo na usimamaji, vyote viwili, vinategemea jinsi magurudumu ya nyuma yanavyoshika ardhi.

Mahali palipo tambarare, mpangilio huo ni neema. Trekta dogo la bustani likizunguka mti huacha mwezi mchanga wa nyasi ambazo hazikuguswa, na mwenye nyumba hulazimika kurudi na mashine ya uzi kuzimalizia. Zirotani huukumbatia mti, hupita kando ya tuta la maua, hufika mwisho wa uwanja na kurudi bila kupoteza muda wa kupanga kona. Mwenye uwanja tambarare wenye miti kumi na njia za mawe hana mashine bora kuliko hii, na sitamshawishi vinginevyo.

Lakini tukumbuke ilikotoka. Wapo wanaomtaja Max Swisher wa Warrensburg, Missouri, aliyetengeneza mashine ya namna hii mwaka 1949. Aliyeiweka kwenye njia iliyotufikisha hapa ni John Regier wa Kansas, aliyeunda ya kwake mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kutoka mji mdogo wa Hesston kwa jina la Hustler. Kansas ni nchi ya ngano, ardhi iliyonyooka hadi upeo wa macho. Sisi tulio kandokando ya Atlanta tunaishi kwenye vilima vya Piedmont, udongo mwekundu wa mfinyanzi, nyumba zilizojengwa juu ya mwinuko ili maji ya mvua yateremke kuelekea bwawa la mtaa. Mashine ni ileile, ila iko kwenye ardhi tofauti kabisa.

Fikiria kinachotokea mteremkoni. Nyasi zina umande, gurudumu moja la nyuma linapoteza mshiko. Papo hapo umepoteza vitu viwili kwa mpigo, usukani na breki, kwa kuwa kwenye mashine hii vyote hutoka mahali pamoja. Magurudumu ya mbele, ambayo hayana amri yoyote, yanageukia bondeni na mashine nzima inayafuata. Kuivuta mikono kwa nguvu hakusaidii, maana mafuta yanasukuma gurudumu ambalo halina cha kushika. Chini kuna nini? Kwa nyumba nyingi za mitaa mipya jibu ni bwawa, au ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha mtu mzima, au barabara. Kupinduka ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wanaoendesha mashine za kukalia, na wengi wao hawakuwa wazembe. Walikuwa wakikata nyasi za kwao, Jumamosi asubuhi, mahali walipokwisha kukata mara nyingi.

Watengenezaji wanalijua hilo na wameliandika. Vitabu vingi vya maelekezo vinataja digrii 15 kuwa mwisho wa mteremko unaokubalika, na baadhi vinashuka hadi 10. Tatizo ni kwamba kitabu hicho mnunuzi hukifungua nyumbani, mashine ikiwa imeshashushwa kwenye trela. Nasema kipimo hiki kifanyike kabla ya kwenda dukani, tena hakihitaji mtaalamu. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao juu ya nyasi upande wa juu wa mteremko, inua ncha ya pili hadi pima maji ionyeshe ubao umelala sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikifika sentimita 27, umefika digrii 15. Sentimita 17 au 18 ni digrii 10. Pima sehemu kali kuliko zote, si sehemu ya wastani, kwa kuwa ajali hutokea penye ukali.

Zipo zirotani zenye usukani wa duara, ambazo magurudumu yake ya mbele huongozwa kweli. Hizo hushika mteremko vizuri zaidi na ni chaguo la busara kwa uwanja wenye mawimbi. Hata hivyo nazo zina mpaka wake kwenye kitabu, na usukani haufuti mpaka huo. Kuna pia upao wa kinga nyuma ya kiti, ule unaomzuia mwendeshaji asilaliwe na mashine ikipinduka. Mashine nyingi za bei ya chini huuzwa bila upao huo. Yenye upao ina kanuni ambayo watu huikosea: upao ukiwa umesimama, funga mkanda wa kiti kila wakati, ukiwa umelazwa ili upite chini ya matawi, usiufunge, kwa sababu mashine ikipinduka mkanda utakufunga chini yake.

Na kama uwanja una sehemu inayopita kipimo? Ushauri wangu ni mmoja: acha kuikata. Watafiti walioongozwa na Cristina Milesi, kwa kutumia picha za setilaiti, walikadiria mwaka 2005 kwamba nyasi za mapambo za Marekani zimefunika zaidi ya kilomita za mraba 160,000, eneo kubwa kuliko la zao lolote linalomwagiliwa nchini humo. Nchi haitapungukiwa kitu ukitoa mita chache za mteremko wako na kupanda vichaka, mimea inayotambaa au miti ya asili ya hapo, inayoshika udongo kuliko nyasi. Chama cha wenye nyumba kinaweza kutaka mchoro na maombi ya maandishi. Andika maombi. Karatasi mbili na subira ya mwezi mmoja ni gharama ndogo kuliko mashine iliyogeuka miguu juu.

Baada ya mteremko, angalia geti. Nyumba nyingi zina uzio unaotenga ua wa nyuma, na mageti yake mara nyingi huwa na upana wa inchi 36 au 48. Deki, yaani lile boma la chuma linalofunika visu, huuzwa kwa inchi: 42, 48, 54, 60. Namba hiyo ni ya upana wa kukata tu. Mdomo wa pembeni unaotemea nyasi huongeza upana, hata ukiuinua. Deki ya inchi 42 itapenya geti la 48. Deki ya 48 haitapenya. Geti la 36 halipitishi zirotani za kawaida za nyumbani. Namjua mtu hapa Georgia aliyelazimika kung'oa nguzo za uzio wiki ileile aliyonunua mashine, na gharama ya seremala haikuwa kwenye bajeti yake.

Watu huvutwa na deki pana kwa imani kwamba itawaokolea muda. Tuupigie muda huo hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ambao ndio unaotoa mkato safi, na ukitoa kinachopotea kwenye kona na kwenye mistari inayopandana, deki ya inchi 42 hukata takribani ekari 1.7 kwa saa, na ya inchi 54 takribani ekari 2.2. Kwenye nusu ekari, tofauti ni dakika 18 dhidi ya 14. Dakika nne! Kwenye ekari mbili tofauti inafika robo saa, na hapo deki pana inaanza kuhalalisha bei yake. Kwa kulinganisha, mashine ya kusukuma yenye upana wa inchi 21 itakula saa nzima kwenye nusu ekari hiyohiyo. Mwenye afya na uwanja ulio chini ya nusu ekari afikirie sana kubaki na ya kusukuma: anapata mazoezi, anaokoa maelfu ya dola, na gereji inabaki na nafasi ya gari.

Deki pana ina dosari nyingine isiyotajwa dukani: inachuna. Ardhi ikiwa na vinundu, boma pana haliwezi kufuata kila kinundu, kwa hiyo visu hukwangua kilele hadi udongo uonekane. Huku kusini jambo hili ni kubwa kwa sababu nyasi zetu hukatwa fupi. Nyingi ni ukoka, zilezile tulizozijua kwetu, ingawa uliopo kwenye viwanja vingi hapa ni aina chotara. Glenn Burton, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Tifton, Georgia, aliendeleza machotara ya ukoka na ndugu yake kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1960 ikatolewa aina ya Tifway ambayo hadi leo inatandaza viwanja vya mpira na mbele ya nyumba za watu. Hufurahisha kujua kwamba nyasi tunazopigiwa faini zina damu ya Afrika. Ukoka huo hupendeza ukikatwa kwa kimo cha sentimita 2.5 hadi 5, na kwa kimo hicho kila kinundu huonekana. Wenye nyasi za feski, wanaokata kwa sentimita 8 hivi, wana nafasi kubwa zaidi ya makosa.

Kuhusu nguvu ya farasi, nitasema machache. Wanunuzi wa Marekani walifungua kesi ya pamoja wakidai namba za nguvu zilizobandikwa kwenye mashine za nyasi zilikuwa zimetiwa chumvi, na mwaka 2010, huko Milwaukee, kesi ilimalizika kwa watengenezaji kadhaa kukubali kulipa jumla ya dola milioni 65. Injini ya mitungi miwili kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana inatosha kuzungusha deki ya inchi 42 kwenye nyasi zinazokatwa kila wiki. Tofauti ya nguvu mbili tatu kati ya mashine na mashine isikutoe kwenye jambo la msingi.

Jambo linalostahili umakini wako ni zile pampu na mota za nyuma. Kwenye mashine za bei ya chini huwa zimefungwa moja kwa moja, hazina chujio la kubadilisha wala mahali rahisi pa kumwagia mafuta. Zikichoka, unanunua nyingine. Za daraja la juu hubadilishwa mafuta na chujio kwa ratiba iliyo kitabuni. Mwenye nusu ekari tambarare ataishi vizuri na zile zilizofungwa. Mwenye ekari mbili zenye mawimbi, au anayetaka kuvuta kigari cha mbolea, aongeze fedha achukue zinazohudumiwa, kwa sababu mzigo na joto ndivyo vinavyoziua.

Hapo ndipo wengine wanaruka hadi mwisho wa pili na kununua mashine ya kibiashara, ile ya mafundi wa bustani, ambayo mara nyingi hupita dola 10,000, wakati za nyumbani huanzia dola 3,000 hivi. Hoja yao ni kwamba itadumu. Itadumu kweli, lakini wewe huna kazi ya kuipa. Ekari moja ni dakika 35 kwa wiki. Kwa wiki 30 za msimu ni saa zisizofika 20. Katika miaka kumi hujafikisha saa 200, na fundi anayefanya kazi saa nane kwa siku huzimaliza saa hizo ndani ya wiki tano. Kununua uimara ambao hutautumia ni kuifungia gerejini karo ya mtoto. Kama una fedha hizo, lipia fundi mzuri wa huduma kila mwaka, na zinazobaki peleka panapohitajika.

Fundi ndiye sababu napendelea wakala mwenye karakana yake kuliko duka kubwa lenye bei nafuu kidogo. Muulize mambo mawili: mashine ikiharibika Mei, wakati kila mtu anakata, itakaa karakanani wiki ngapi? Na mkanda, visu na beringi zake viko rafuni sasa hivi au vinaagizwa? Baadhi ya mawakala hukubali kuileta mashine uijaribu kwenye uwanja wako mwenyewe. Iombe huduma hiyo bila haya. Nusu saa kwenye ardhi yako itakufundisha kuliko maelezo yote ya kaunta, hasa usipokuwa umezoea mikono ile: mwanzoni mashine hurukaruka, na anayezunguka kwa kusimamisha gurudumu moja huchimba shimo kwenye nyasi. Anza polepole, visu vikiwa vimezimwa, na jifunze kuyaacha magurudumu yote mawili yakitembea kwenye kona.

Za betri nazo zimefika umri wa kuheshimiwa. Kanuni za California zilizoanza mwaka 2024 zinalenga kuziondoa sokoni mashine mpya nyingi za bustani zenye injini za petroli, na majimbo mengine yanatazama. Kwa mtu anayekata chini ya saa moja kwa wiki, betri inafaa kabisa: haina mafuta ya kubadilisha, haina kabureta ya kuziba baada ya petroli kulala humo majira yote ya baridi, na majirani hawaamshwi. Bei ya kununulia ni kubwa zaidi kuliko ya petroli yenye upana huohuo. Uliza kama betri ni ya lithiamu au ya risasi. Ya risasi ni nzito na huchoka mapema.

Neno moja kwa wanaofikiria kuipakia kwenye kontena kuelekea Mombasa au Dar es Salaam. Kwa nyumba ya kawaida, hata ya nusu ekari kule Karen, siungi mkono. Fundi wa Gerezani au Gikomba ataifufua injini, lakini pampu ya mafuta ikifa, kipuri kitasubiriwa kutoka ng'ambo. Isitoshe, kuna kijana anayeitunza bustani hiyo na kulisha familia kwa kazi hiyo. Mnunulie mashine nzuri ya kusukuma, viatu vigumu na miwani ya kinga.

Nimebakiza linalonikera kuliko yote. Katika mitaa yetu naona baba amempakata mtoto wa miaka mitatu kwenye mashine ya nyasi, mama anapiga picha, na watu wanacheka kwa furaha. Ncha za visu vilivyo chini ya kiti kile hukimbia kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 350 kwa saa. Mashine ikigonga mzizi, mtoto anateleza mbele yake, na hakuna mikono ya mzazi iliyo na kasi ya kushindana na visu hivyo. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wameweka mipaka iliyo wazi: aliye chini ya miaka 16 asiendeshe mashine ya kukalia, asipakatwe mtoto wa umri wowote, na walio chini ya miaka sita wawe ndani ya nyumba nyasi zinapokatwa. Kwetu hili la mwisho ni gumu, kwa sababu bibi akija kutoka Morogoro au Kakamega hupenda kukaa barazani na wajukuu wakicheza mbele yake, na mtoto akimwona baba yake nje humkimbilia. Mashine inarudi nyuma, baba amevaa vizuia sauti masikioni, hasikii kitu.

Kwa hiyo nawaomba akina baba, mama, wajomba na mashemeji: kabla ya kugeuza ufunguo, ingizeni watoto ndani, fungeni mlango, na mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwaangalia hadi visu visimame kabisa.